Ruzuku ya mpunga haiingii kwenye simu, na jina haliandikwi kwa elfu thelathini

"Assalaam aleikum bibi shamba. Mie nipo Micheweni, nnalima mpunga eka moja bondeni kwa mvua, konde limeandikwa jina la ami yangu ila yeye halimi tena, mgongo umemshinda. Juu tuna mikarafuu 12 ya eka tatu za babu. Kaka yangu yupo Mbeya, yeye anapata mbolea ya ruzuku kwa nambari inayokuja kwenye simu. Shangazi yangu yupo Marekani, Iowa, anatwambia huko serikali inawalipa wakulima pesa taslim, tena kaunti kwa kaunti. Mie mwaka jana jina halikuwemo, trekta limelima makonde ya jirani langu likarukwa. Sasa kuna kijana kanipigia anasema ni wa mfumo mpya wa ruzuku, nimtumie elfu 30 na picha ya kitambulisho, pesa ya ruzuku itaingia kwenye simu kabla ya masika. Kitambulisho nshamtumia, pesa bado. Nimpe? Na kwa nini sisi hatulipwi kama wenzetu?"

Waaleikum salaam mwanangu. La haraka nakujibu kwanza halafu tukae na mengine: usimpe. Hata elfu moja usimpe. Nimefanya kazi ya bibi shamba miaka mingi hapa hapa Pemba, nimeandika majina ya wakulima madaftari kwa madaftari, na sijapata kuona mkulima akitozwa pesa ili jina lake liandikwe. Unacholipa wewe ni sehemu yako ya gharama, ya kulimiwa, ya mbegu, ya mbolea, na hiyo unailipa kwa njia ya serikali unapewa risiti mkononi. Jina ni bure.

Hiyo picha ya kitambulisho isikutie kiwewe ila usikae kimya pia. Kwa picha peke yake hawezi kukusajilia laini, laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, lakini piga *106# uangalie nambari ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, ukiona usiyoijua nenda duka la kampuni ya simu ikafungwe. Nambari ya huyo kijana ipeleke 15040, ndo ya kuripotia matapeli wa simu. Akipiga tena akakwambia nisomee tarakimu zilizokuja kwenye ujumbe, usizisome, kata simu. Na mwambie sheha wako, mkuu wa shehia yenu, leo leo, kwa sababu hakukupigia wewe peke yako, mtu wa namna hiyo akishapata nambari za watu wa shehia moja anazipita zote.

Sasa tuje kwenye ruzuku yenyewe. Huyo kijana kapata pa kuingilia kwa sababu moja, kwamba watu wetu wengi wakisikia neno ruzuku wanafikiria pesa inayogaiwa. Ruzuku yetu ya mpunga Zanzibar imo ndani ya bei. Yaani serikali inabeba sehemu ya gharama ya trekta, ya mbegu, ya mbolea na ya dawa ya magugu, na wewe unalipa iliyobaki. Tuseme kwa mfano tu wa hesabu, kulimiwa eka moja gharama yake kamili ni shilingi 100, serikali ikabeba 60, wewe unalipa 40. Zile 60 hutoziona hata siku moja, hazipiti mkononi mwako wala kwenye simu yako, zinaonekana pale tu ambapo trekta linashuka bondeni na wewe umelipa 40. Trekta lisiposhuka ruzuku yako haipo, hata kama jina limo na bajeti imepita. Hapo ndo penye roho ya jambo zima, na ndo maana mwaka jana uliumia, ntakufika huko.

Kaka yako wa Mbeya hakudanganyi ila yeye yumo kwenye mpango mwengine kabisa. Kilimo si jambo la Muungano. Bara wana wizara yao na sisi tuna yetu, na bajeti ya kilimo chetu inapitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Ule mpango wa mbolea wa Bara ulizinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022 siku ya Nane Nane, mkulima anajiandikisha kijijini kwake, anapewa nambari, anakwenda nayo kwa wakala wa mbolea anauziwa kwa bei iliyopunguzwa. Msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliwekwa shilingi 70,000. Lakini tazama vizuri, hata huko kaka yako hapokei pesa! Ile nambari inamshushia bei tu, na pesa ya mfuko anatoa mwenyewe. Kwa hivo kijana anaekwambia ni mfumo mpya na pesa itaingia kwenye simu, ruzuku ya Bara na ya kwetu zote si hivo anavyosema, na nambari ya kaka yako huwezi kuitumia hapa Pemba, si mjini Wete wala mjini Konde.

Shangazi nae kasema kweli, na hili ntalieleza kidogo kwa sababu watu wanalisikia nusu. Marekani serikali inalipa wakulima pesa kweli, na kila kaunti ya mashamba ina ofisi yake au inahudumiwa na ofisi ya jirani, na ina kamati ya kaunti ambayo wakulima wenyewe wanaichagua. Lakini si kwamba kila mwenye jembe anapata kila mwaka. Zamani kulikuwa na malipo ya moja kwa moja kwa eka, bei iwe juu iwe chini, sheria yao ya kilimo ya 2014 ikayafuta. Tangu hapo kuna mipango miwili mikubwa, mmoja unalipa bei ya zao ikishuka chini ya bei iliyowekwa na sheria, mwengine unalipa pale mapato ya kaunti nzima yakishuka chini ya kiwango fulani cha wastani wa miaka iliyopita. Umeona hapo, ni wastani wa kaunti, si wa konde lako. Wewe unaweza kuvuna vibaya peke yako ukakosa, kwa sababu majirani wamevuna vizuri, na jirani yako alievuna vizuri akalipwa kwa sababu kaunti kwa jumla imeanguka. Mwaka 2019 walipogombana na Uchina kibiashara serikali yao ikatoa malipo ya dharura na kila kaunti ikapangiwa kiwango chake, kuanzia dola 15 hadi dola 150 kwa eka, wakulima wawili waliotenganishwa na barabara tu ya mpaka wa kaunti wakawa wanalipwa tafauti. Manung'uniko yao yalikuwa mengi, na mie nayaelewa.

Kwa nini sisi hatufanyi hivo? Wengine watakwambia ni umasikini, na pesa ni sehemu ya jibu sikatai. Lakini ile njia ya kulipa taslim inasimama juu ya vitu ambavyo wenzetu wamevijenga muda mrefu, tangu miaka ya 1930. Kila shamba limepimwa, lina ramani, lina nambari, kila kaunti ina kumbukumbu za mavuno miaka na miaka. Kwetu konde la mpunga unaambiwa linaanzia kwenye mnazi ule mpaka kwenye mfereji, na mnazi wenyewe umeanguka. Ukisema ulipe kwa eka utalipa eka ngapi, na utamlipa nani? Kuna jengine ambalo nimeliona kwa macho yangu, nalo ni wakati. Mpunga hausubiri. Pesa ikija Mei wakati trekta lilihitajika Februari, ile pesa itanunua vitu vya skuli na mchele wa kula, na simlaumu mtu, mtoto akilia njaa utamwambia subiri nkanunue mbolea? Ruzuku ikiwa ndani ya trekta inakwenda kwenye udongo moja kwa moja.

Ina ubaya wake na ntausema wazi. Inamfaa zaidi mwenye eka nyingi kuliko mwenye eka moja, maana kila eka inapunguziwa. Haimfai asokuwa na ile sehemu yake ya kulipa, huyo ruzuku inampita mlangoni. Na haimfiki kabisa mwenye konde kwenye maweni, na nyinyi Micheweni mna maweni mengi, trekta litalima nini kwenye mawe? Mtu wa maweni analima kwa jembe na mundu, muhogo wake, mtama wake, na kwenye hesabu ya ruzuku ya mpunga hayumo. Hilo linanikera mpaka leo na nimelisema kwenye vikao kila nilipopata nafasi.

Pesa taslim za serikali kwa mtu wa kawaida zipo Zanzibar, ila haziitwi ruzuku ya kilimo. Kuna Pensheni Jamii kwa waliofika miaka 70, ilianza 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi na baadae ikapandishwa hadi elfu 50, kwa hivo kama ami yako kafika umri huo na hajaandikwa hilo lifuatilie kwa nguvu zote. Na kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini zilizotambuliwa na shehia. Haya ni ya mzee na ya kaya, huulizwi unalima nini.

Na mikarafuu yenu? Wapo wanaosema bei ya karafuu ni ruzuku, si kweli, na neno hili naliwekea mkazo kwa sababu linamnyima mkulima heshima yake. Karafuu Zanzibar mnunuzi ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, na msingi uliowekwa wakati wa urais wa Dk. Shein ni kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Hiyo ni mali yako, umepewa fungu lako la mauzo, hujasaidiwa. Wazee wetu walipewa fungu dogo mno miaka mingi, ile tafauti ikabaki serikalini, na wao ndo walokuwa wanaibeba serikali. Kwenye karafuu ruzuku ya kweli ni miche, imekuwa ikigaiwa bure kutoka vitalu vya wizara, na kama katika hiyo 12 ipo iliyozeeka basi omba miche mapema kabla ya masika, uipande palipo na kivuli cha migomba, mche mchanga wa mkarafuu hauwezi jua kali. Ukipeleka karafuu kituoni hakikisha umezichambua vizuri, makonyo, yaani vile vijiti vyake, yametoka na zimekauka, kwa sababu daraja linapangwa hapo mezani mbele yako na pesa inayopotea kwa unyevu na makonyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Haya, tuje kwenye konde lako lililorukwa.

Orodha inavyokwenda ni hivi. Majina na eka zinakusanywa shehiani, sheha na bwana shamba au bibi shamba wa eneo pamoja na kamati ya wakulima wa bonde, zinapanda wilayani, zinapanda wizarani. Pesa ya kuzitimiza inatoka kwenye bajeti ambayo mwaka wake unaanza Julai, yaani ruzuku ya masika ya mwakani imeshapangwa kabla wewe hujaanza kufyeka. Eka zilizoandikwa zikizidi uwezo, wapo watakaokosa. Kwa hivo kuandikwa ni kupanga foleni tu. Lakini asieandikwa hata foleni hayumo, na wewe nadhani kilichokupata ni jina. Konde limeandikwa kwa jina la ami yako, yeye halimi, siku ya kuandikisha hakwenda kwa sababu ya mgongo, wewe hukwenda kwa sababu ulijua limo kwa jina lake. Bas konde likakosa mtu. Nimeyaona haya mara nyingi sana kuliko rushwa ambayo watu huifikiria kwanza.

Na trekta likishapita halirudi, hii watu hawaielewi wanadhani dereva kawachukia. Trekta linaingia bondeni kwa upande mmoja linakwenda konde baada ya konde, linatoka kwa upande wa pili. Wewe wa katikati ukikosa siku yako, kesho jirani kashaburuga, yaani kashavuruga na kusawazisha udongo, na keshokutwa kashapanda, trekta likirudi litapita juu ya mpunga wa watu.

Ntakusimulia moja. Alikuja kwangu mzee mmoja alhamisi jioni, trekta linaondoka bondeni, yeye konde lake halijaguswa na pesa kalipa. Akatoa risiti aliyoikunja ndani ya mfuko wa sukari, ule wa nailoni, kaufunga na uzi. Nikaifungua taratibu maana ilikuwa imelowa jasho. Jina lake limo, kiasi kimo, tarehe imo, idadi ya eka imo. Jina la bonde hakuna, pale palipotakiwa kuandikwa bonde pameachwa peupe. Na mzee yule alikuwa na makonde mabonde mawili! Afisi iliyompokea pesa ikamuhesabu bonde jengine ambako trekta lilipita wiki mbili nyuma, likakuta hayupo likaendelea. Mwaka ule alilima kwa jembe na wanawe, nusu ya konde, nusu ikabaki majani. Tangu siku ile mkulima akiniletea risiti nnaisoma mie mbele yake, kwa sauti, mstari kwa mstari: jina, eka, bonde, tarehe, kazi uliyolipia ni kulima tu au kulima na kuburuga. Nawe fanya hivo hivo pale pale dirishani kabla hujageuka, ukiwa na haya ya kuuliza, haya hiyo itakulimisha kwa jembe.

Suala la ami liwekeni sawa ndani ya nyumba kabla ya kuandikisha. Kaeni, mkubaliane kwamba anaelima ndo anaeandikwa kwenye orodha ya msimu, na kwamba hilo haligusi haki yake juu ya konde. Mwambie hivo kwa maneno hayo, kwa sababu wazee wengi wanaogopa wakidhani jina likibadilika kwenye daftari la trekta na ardhi imekwenda. Daftari la msimu si hati. Na zile eka tatu za babu usizichanganye na haya, zile ni ardhi iliyogaiwa baada ya Mapinduzi na zina sheria zake, haziuzwi wala hazigawanywi ovyo, mkiwa na shauri la urithi juu yake hilo linataka afisi ya ardhi, bibi shamba hawezi kukutatulia. Huko Marekani pia mvutano huu upo, mwenye ardhi anakodisha, anaelima ni mwengine, malipo yakija nani achukue? Wao sheria yao inamtazama aliebeba hasara ya zao, mwenye ardhi anaepokea kodi ya pesa taslim tu halipwi. Nadhani hapo wamepatia.

Sasa kwa eka yako moja inafaa kufukuzia ruzuku au uwachane nayo? Trekta ndio, lifukuzie, hapo ndo penye nafuu kubwa kwa sababu vibarua wa jembe ni ghali na wakati wa masika kila mtu anawataka siku moja. Mbegu iliyothibitishwa pia chukua, hata kama unaipenda ile ya bibi yako, panda zote mbili kwa majaruba tafauti. Mbolea ndo nnataka ufikirie. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, ukiutia wakati maji yanatembea kondeni basi zile kilo zinaondoka na maji mpaka kwenye mikoko kabla mpunga haujazionja. Unalima kwa mvua, hufungui wala hufungi maji, kwa hivo gawa mara mbili, mara ya kwanza mpunga ukianza kuchipua watoto, mara ya pili ukikaribia kubeba mimba, tia siku maji yametulia, na usitie kama magugu hujapalilia utalisha magugu. Kama unajua hutopata mtu wa kupalilia mwaka huu bora uchukue nusu mfuko ushirikiane na jirani. Na mfuko wa ruzuku usiuuze, najua wapo wanaouza siku hiyo hiyo wapate cha kula, lakini wakaguzi wakipita na konde likaonekana halina mbolea, mwakani majina yenu yote ya bonde yanatiliwa shaka.

Wakati wa kwenda mwenyewe ndo huu vuli, usingoje Februari. Nenda na ami kama anaweza kutembea, kama hawezi chukua barua ya sheha inayosema wewe ndie unaelima, chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi, uende kwa bwana shamba wa eneo lenu umuombe akufungulie daftari uone jina lako kwa macho yako. Akikwambia limo ila hataki kukuonesha, panda afisi ya kilimo ya wilaya, na wakikuzungusha huko nenda Weni, Wete, afisi kuu ya kilimo ya Pemba, upeleke kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akitokea mtumishi wa serikali kukudai chochote nje ya risiti hilo ni la ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, na kama huyo kijana wa simu kumbe ana mtu wake ndani ya afisi basi pia ni la ZAECA, ndo maana nakuomba usiufute ujumbe wake, na ukumbuke siku na saa aliyopiga.

Bado sijajua bonde lenu lina kamati au halina. Kama halina, kusanyeni wenye makonde hata kumi mkaandikishe kwa pamoja, dereva akiwa na nambari ya simu ya mtu mmoja wa bonde anapiga usiku kabla hajaja, na huyo mmoja anawaamsha wengine.